Jiwe Linalosubiri Kuulizwa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ina harufu ya duka: mizani juu ya kaunta, mteja wa mkopo mlangoni, mwenye duka akitafuta penseli kabla deni halijasahaulika. Katika mambo ya mali haina mpinzani. Lakini siku hizi wazazi wengi wa Dar es Salaam wameitoa dukani, wakaiingiza nyumbani na kuifanya kanuni ya malezi. Familia ikitoka Tegeta kuwaonesha watoto Bagamoyo, ikipanda treni ya SGR kwenda Morogoro, au ikichukua basi la kusini Mbagala kwenda kumsalimia bibi Lindi, kila hatua inaingia kwenye simu: picha, video, sauti, tarehe, maneno mawili matatu katika programu ya kuandikia. Hofu iliyo nyuma ya bidii hiyo ni ile ile ya mwenye duka, kwamba kisichoandikwa kimepotea. Swali langu ni kama hofu hiyo imepata mahali pake. Je, siku za mtoto mdogo ni mali, hata zilindwe kwa daftari? Ninavyoona, siku hizo ni amana iliyo mikononi mwa mzazi, na amana hutimia inapomfikia mwenyewe. Kinachoifikisha ni simulizi. Picha, daftari na kazi za mikono zina thamani kwa kadiri zinavyoifanya simulizi hiyo iulizwe.

Tuanze na lugha, kwa sababu ndiyo iliyotuchanganya na ndiyo inayoweza kututoa. Kiswahili kina neno moja, kumbukumbu, kwa vitu viwili. Kumbukumbu za kikao ni karatasi zilizo kwenye faili; kumbukumbu ya mama aliyefariki imo moyoni. Neno moja likibeba vyote viwili, ni rahisi mtu kuamini kwamba akishajaza faili amekwisha kuujaza moyo. Vitenzi, hata hivyo, ni makini kuliko nomino. Kukumbuka ni jambo la mtu mmoja ndani ya kichwa chake. Kukumbusha kunahitaji wawili, mmoja akimfanya mwenzake akumbuke. Kukumbushana ni kazi ya kikundi, kila mmoja akimpa mwingine kipande alichonacho. Pale Kijitonyama, Manispaa ya Kinondoni, kipo Kijiji cha Makumbusho kilichofunguliwa mwaka 1967, na jina lake limeenea hadi stendi ya daladala iliyo jirani. Makondakta wanalitaja kutwa nzima, na ni nadra abiria kusikia ndani yake kitenzi cha kukumbusha. Nyumba za jadi zilizojengwa mle, msonge wa nyasi na tembe ya udongo, hazikumbuki chochote. Kazi yake ni kukumbusha, na hata hiyo haziwezi kuifanya mpaka mmoja aulize hiki ni nini na mwingine amjibu. Mtoto aliyepitishwa mle kimya kimya, akapigwa picha mbele ya kila mlango, ameona nyasi na fito.

Sasa tumtazame huyo mtoto. Mtu mzima akiulizwa jambo la kwanza analolikumbuka katika maisha yake, kwa kawaida hutaja tukio la umri wa miaka mitatu au zaidi. Kilicho kabla ya hapo kimefunikwa na ukungu ambao Sigmund Freud aliupa jina la usahaulifu wa utotoni mwaka 1905, na wataalamu wa saikolojia wanauchunguza hadi leo. Mtoto wa miaka miwili aliyevuka kwa pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni, akashangilia mawimbi, huenda asibaki na chembe ya siku ile atakapofika darasa la saba. Jambo hili lilimsumbua Mwafrika mmoja karne nyingi kabla ya Freud. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, Algeria ya leo, anakiri katika kitabu cha kwanza cha Maungamo kwamba hakumbuki lolote la uchanga wake. Anachokijua amekipata kwa kuwasikiliza waliomlea na kwa kuwatazama watoto wengine, na anasita hata kuuhesabu wakati ule kuwa sehemu ya maisha yake. Hoja yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Kila mmoja wetu ana miaka kadhaa aliyoiishi lakini ambayo shahidi wake ni mtu mwingine. Mzazi anaposafiri na mtoto mdogo anakuwa shahidi wa maisha ambayo mwenyewe hataweza kuyatolea ushahidi. Kitu cha mtu kilicho mikononi mwa mwingine kwa kuwa mwenyewe hawezi kukishika bado, kwa Kiswahili tunakiita amana. Kurani, katika aya ya 58 ya Sura An-Nisaa, inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Mwenye duka huandika ili kitu kibaki chake. Mwenye amana akiandika, anaandika ili siku moja akikabidhi.

Vitabu vya dini vinavyosomwa zaidi mjini hapa vililijua jambo hili zamani. Katika sura ya nne ya kitabu cha Yoshua, Waisraeli wakivuka mto Yordani wanaagizwa waokote mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha ng'ambo. Sababu inayotolewa ni kwamba siku za mbele watoto watauliza maana ya mawe hayo, na wazazi watajibu. Mawe hayakuandikwa neno. Yalikuwa machache, moja kwa kila kabila, na kazi yake yote ilikuwa kumfanya mtoto asimame na kuuliza. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, kilichobeba neno letu katika jina lake la Kiswahili, kinawataka wazazi katika sura ya sita wawazungumzie watoto mambo makuu wakiwa wameketi nyumbani na wakiwa wanatembea njiani. Safari na malezi vimewekwa kwenye agizo moja. Kurani nayo, katika aya ya 282 ya Sura Al-Baqarah, iliyo ndefu kuliko aya zote, inaamuru deni liandikwe. Hiyo ni aya ya daftari kama ipo, lakini hata hapo maandishi hayakuachwa peke yake: wanatakiwa mashahidi, na inaelezwa kwamba mmoja akikosea, mwenzake amkumbushe. Plato naye, Mgiriki asiyejua Torati wala Kurani, katika mazungumzo ya Phaedrus anamleta mfalme Thamus wa Misri aliyeikataa zawadi ya maandishi kwa kuhofu kwamba watu wataacha kukumbuka kwa nguvu zao wenyewe. Socrates anaongeza kwamba maandishi yanafanana na picha iliyochorwa: yanasimama kama kitu kilicho hai, lakini ukiyauliza swali yananyamaza. Mila tatu zisizo na sababu ya kupatana zinapatana hapa, kwamba kilichohifadhiwa bila mtu wa kukijibia ni bubu.

Mtu anaweza kusema hayo ni maneno ya wahenga. Utafiti wa siku zetu unayaunga mkono. Robyn Fivush wa Marekani na Elaine Reese wa New Zealand wamechunguza kwa miongo kadhaa namna wazazi wanavyozungumza na watoto wadogo kuhusu mambo yaliyopita, na wamekuta tofauti kubwa kati ya mitindo miwili. Upo mzazi anayeuliza kama karani: tulikwenda wapi, ulikula nini, na mtoto asipojibu anarudia swali lile lile. Yupo mwingine anayelipanua jambo: anauliza, anaongeza kipande, anamwachia mtoto nafasi, analipokea neno lake na kulijengea juu. Watoto wa mzazi wa pili hukua wakiwa na kumbukumbu nyingi na zenye utajiri zaidi kuhusu maisha yao. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Otago ulioonesha kwamba watu wa jamii ya Maori waliweza kukumbuka matukio ya umri mdogo kuliko wenzao wa New Zealand wenye asili ya Ulaya au Asia, wastani wa chini ya miaka mitatu, na watafiti walihusisha jambo hilo na uzito ambao Wamaori wanaupa simulizi za yaliyopita. Ukungu wa utotoni, kumbe, haufiki mahali pamoja kwa kila mtu. Pale watu wanapokumbushana sana, unarudi nyuma kidogo. Wanaoishi Tandika au Bunju hawahitaji kusafiri hadi New Zealand kulielewa hilo. Nyumba ambayo bibi akishakula anaanza "siku ile tulipokwenda..." ni chuo cha kumbukumbu, na ada yake ni usikivu.

Linganisha na tunavyotumia simu. Mwaka 2014 mtafiti Linda Henkel wa Marekani alichapisha jaribio alilolifanya katika jumba la makumbusho la chuo. Washiriki walitembezwa, vitu vingine wakaambiwa wavipige picha, vingine wavitazame tu. Siku iliyofuata walivikumbuka vibaya zaidi vile walivyovipiga picha, kana kwamba walikuwa wameikabidhi kamera kazi ya kuona. Lakini pale walipotakiwa kuvuta karibu sehemu moja ya kitu, upungufu huo haukutokea. Watafiti wengine waliofuata, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, waligundua kwamba mtu anayejichagulia mwenyewe cha kupiga picha hukumbuka vizuri zaidi alichokiona, ingawa hukumbuka vibaya zaidi alichokisikia. Tukiyaweka pamoja majaribio haya, tunaona kwamba kosa haliko kwenye mashine. Liko kwenye kupiga bila kuchagua, na hata anayechagua hulipa kwa sikio. Hili la sikio lingepaswa kututisha kuliko linavyotutisha, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu safarini ni kiumbe cha maswali: kwa nini bahari haimwagiki, treni inalala wapi, yule ng'ombe ni wa nani. Mzazi aliyeinua simu juu ya kichwa cha mtoto anapata taswira ya safari na kuyapoteza maswali yake, yaani anaokota mawe na kumwacha muulizaji mtoni. Kisha yale mapicha elfu yanakaa kwenye memori kadi hadi simu ilalamike imejaa. Injili ya Mathayo, sura ya 25, ina mfano wa mtumwa aliyepewa talanta akaifukia ardhini. Haikuibiwa wala haikupungua, naye aliirudisha kamili, lakini alilaumiwa. Amana aliitunza, kuizungusha hakuizungusha.

Hapa ndipo hobi za mikono zinapoingia, nami sizileti kwa ajili ya kupoteza muda. Kuchora, kufuma, kudarizi, kusuka ukili na kushona ni namna za kutazama kwa kuchagua. Mchoraji wa mashua hawezi kuichora yote. Lazima aamue ataanza na tanga au na mwili wa chombo, na uamuzi huo humfanya aitazame mashua kama hajawahi kuiona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, walionesha mwaka 2016 kwamba watu hukumbuka maneno waliyoyachora kwa picha kuliko yale waliyoyaandika tu. Mkono unapokwenda polepole, jicho na akili hulazimika kuungoja. Tena kitu kilichotengenezwa kwa mkono huvuta swali. Kitambaa cha kochi kilichofumwa kwa rangi za bahari na mama aliyekuwa akimngoja mtoto acheze ufukweni kitakaa sebuleni miaka, na mgeni au mtoto atauliza kwa nini hiki ni cha bluu peke yake. Hilo ni jiwe la Yordani la uzi. Dar es Salaam ina ushahidi wa hili uliojulikana duniani. Edward Said Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 kusini mwa nchi na aliyewahi kufanya kazi za nyumbani mjini, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora wanyama na ndege juu ya vibao vya bei nafuu kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na hadi leo wachoraji wa mtindo huo wanafanya kazi Oysterbay. Chui wake hafanani na chui wa kamera. Ana macho makubwa na madoa yaliyopangwa kama shanga, na mtoto akimwona hawezi kupita bila kuuliza.

Pingamizi la kwanza ni la mfuko. Hobi na matembezi, mtu atasema, ni mambo ya Masaki. Temeke watu wanatafuta kula. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Temeke na wakazi 1,346,674 na Kinondoni na 982,328, na wengi wao hutoka nyumbani alfajiri na kurudi watoto wamelala. Pingamizi hili lina ukweli, lakini linaichukulia safari kwa sura ya tangazo la hoteli. Safari ya mtoto haipimwi kwa kilomita. Kuvuka maji kwa pantoni, kwenda Maonesho ya Sabasaba kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa, kulitazama jengo kubwa la stesheni ya TAZARA na kuambiwa kwamba reli inayoanzia hapo inakwenda kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, zote ni safari kwa mtu ambaye dunia yake jana iliishia getini. Wala kazi za mikono hazikutokea kwa matajiri. Ukili umesukwa na wanawake wa vijijini, vitambaa vinafumwa barazani huku biashara ya maandazi ikiendelea, na Tingatinga mwenyewe hakuanza na rangi za wasanii. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja katika kifungu cha 31 mchezo, mapumziko na ushiriki katika sanaa kuwa haki ya kila mtoto, bila kuuliza anaishi mtaa gani. Na ikiwa jambo ni gharama, simulizi ndiyo isiyohitaji bando.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: simulizi hudanganya. Kamera huonesha kilichokuwapo; bibi huongeza chumvi. Tena sayansi imeonesha kwamba chumvi hiyo inaweza kuwa kumbukumbu kamili. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell waliwapa watu wazima 24 habari za utotoni zilizotoka kwa jamaa zao, wakachanganya na moja ya uongo, kwamba waliwahi kupotea dukani wakiwa wadogo. Karibu robo yao walifika mahali pa kulikumbuka tukio ambalo halikutokea, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Nalikubali pingamizi hili, na ndilo linaloipa simu heshima yake. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na simulizi ya safari zake iliandikwa Fez kwa imla mwaka 1355 hivi, zaidi ya miaka 20 baadaye. Wanahistoria wanaikagua kwa tahadhari, wanaona mahali alipochanganya au palipoazimwa maneno ya wasafiri wengine, na bado hakuna anayeandika juu ya Kilwa ya wakati ule bila kumtaja. Msikiti Mkuu na magofu ya Kilwa Kisiwani yangekuwa mawe bubu zaidi bila yeye, naye angekuwa msimulizi wa kutiliwa shaka zaidi bila magofu. Ndivyo daftari na simulizi vinavyopaswa kuishi nyumbani. Katika simu ziandikwe tarehe, mahali, nani alikuwapo, na lile neno la ajabu alilolisema mtoto, kwa maneno yake mwenyewe kabla wakubwa hawajalinyoosha. Mistari mitatu inatosha. Daftari liwe shahidi wa simulizi. Lisijifanye mrithi wake. Mfano tunao kila nyumba: kadi ya kliniki. Inaandikwa mambo machache kama uzito na chanjo, inatunzwa kwenye mfuko wa nailoni mbali na maji, haitundikwi ukutani, na kila inapofunguliwa pana mtu wa kuisoma na mtu wa kuulizwa.

Pingamizi la tatu linatoka kwa mcha Mungu. Kwa nini tuhangaike na kumbukumbu wakati Muumba hasahau? Muislamu anaamini wapo malaika waandishi, na Mkristo anasoma habari za vitabu vitakavyofunguliwa siku ya mwisho. Siku ya mtoto haiwezi kupotea mbele ya Mungu hata ikipotea kwenye simu. Mimi naliona pingamizi hili kuwa faraja kwa mzazi, nalo linaipa hoja yangu nguvu badala ya kuivunja. Kama daftari kamili lipo kwingine, hatuna deni la ukamilifu, na ile hofu ya mwenye duka inaondoka. Lakini daftari lile ni la hukumu, na mtoto hatalisoma leo. Anachohitaji leo ni mtu wa kumwambia ulikuwa hapa, tulikuwa na wewe, ulicheka. Kwa msafiri, sheria ya Uislamu inapunguza mizigo: swala zinafupishwa, saumu inaweza kuahirishwa hadi siku nyingine. Kanuni iliyo nyuma ya ruhusa hiyo ni kwamba safari yenyewe ni uzito wa kutosha. Mzazi aliyebeba mtoto mmoja mgongoni na kumshika mwingine mkono kwenye umati wa stendi hahitaji wajibu wa tatu wa kurekodi kila kitu. Akikosa picha ya siku nzima, hajafanya dhambi dhidi ya mtoto wake.

Likikubalika kwamba siku hizi ni amana, linafuata jambo ambalo wengi hawatalipenda. Mwenye amana haitembezi sokoni. Picha ya mtoto akilia kwenye basi, akioga ufukweni au akilala mdomo wazi, iliyowekwa kwenye stetasi kwa ajili ya watu mia nne, imeshatumika kabla mwenyewe hajajua kuwa ni yake. Atakayetetea kwamba ni kushirikisha furaha, nitamwuliza furaha hiyo ni ya nani. Shangazi aliye Muscat au Mwanza kutumiwa picha moja yenye maelezo ni kukumbushana. Ukoo ni sehemu ya mashahidi. Watu wasiojua hata jina la mtoto ni hadhira, na hadhira haikumbushi wala haiulizi maana ya mawe. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka 2023, na mazungumzo kuihusu yameelekea zaidi kwenye kampuni na ofisi. Hekima yake ya msingi, kwamba taarifa za mtu zina mwenyewe hata zikiwa mikononi mwa mwingine, ilikuwamo katika neno amana zamani sana kabla ya sheria hiyo, nayo inaanzia kwa mama na baba.

Tutajuaje basi kwamba amana imefika? Mwenye duka anajua deni limelipwa anapopiga mstari kwenye daftari. Kwa mzazi ishara ni nyingine. Kwa miaka kadhaa ataisimulia safari ile ya Kigamboni mwenyewe, akitumia picha mbili, mchoro mmoja wa penseli na kitambaa cha bluu, huku mtoto akisikiliza tu. Baadaye mtoto ataanza kuuliza, na majibu yataongezeka kwa sababu maswali yameongezeka. Kisha utafika usiku mmoja ambapo msimulizi atakosea jambo dogo, rangi ya mashua au jina la yule bibi aliyewagawia embe ndani ya pantoni, na mtoto atamkatiza: "Sivyo, mama, hukusema hivyo mara ile." Mzazi asiyeelewa ataona ni utovu wa adabu. Anayeelewa atafungua simu, ataangalia ile mistari mitatu, na wataamua pamoja nani yuko sahihi. Hata ikiwa mtoto ndiye aliyekosea, hadithi imepata mlinzi wa pili, naye ndiye mwenyewe.